Wahunzi wa Kitui na Injini za Makindu

Kwetu pwani mtu akitaja Kitui, wanaomsikia hufikiria mambo matatu: ukame, asali na magunia ya makaa. Akitaja Makueni, hufikiria maembe, na basi la usiku linaposimama Mtito Andei abiria wakateremka kunywa chai na kunyoosha miguu. Hapana anayefikiria viwanda. Viwanda, kwa fikira zetu, ni Changamwe na Shimanzi, na mtu akizidi atataja Thika na Nairobi. Ukimwambia mtu wa Mji wa Kale kuwa huko Ukambani kulikuwa na mitaa ya ufundi wa chuma kabla Changamwe haijawekwa tofali la kwanza, atakutazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Lakini jina lenyewe ni shahidi. Wakamba hueleza kuwa Kitui maana yake ni mahali panapofuliwa vyuma, na kuwa walioliweka jina hilo ni wahunzi waliofanya makao yao hapo zamani za kale, kabla ya bendera yoyote ya kigeni kupandishwa. Basi huo mji tunaouona leo na maduka yake, matatu zake na ofisi za kaunti, ulianza kwa mlio wa nyundo. Na neno letu la kiwanda, msomaji, katika Kiswahili cha wazee halikuwa na maana ya jengo lenye bomba la moshi. Lilikuwa ni uwanja tu, mahali palipo wazi ambapo watu hukutana kufanya kazi ya mikono. Kwa maana hiyo, Kitui ilikuwa kiwanda kabla ya kuwa mji.

Mhunzi wa Kikamba hakuchimba mgodi. Mvua kubwa zikishanyesha, mito ya huko hujaa kwa siku chache kisha hukauka, na huacha mchanga. Katika mchanga huo mna chembe nyeusi, nzito kuliko nyingine, ambazo maji huzitenga yenyewe. Chembe hizo ndizo chuma. Ziliokotwa, zikaoshwa, zikatiwa katika tanuri la udongo pamoja na makaa, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapuliza mpaka zikashikamana zikawa bonge. Bonge hilo likapigwa na kurudiwa, likatoa jembe, shoka, kisu au ncha ya mshale. Na mshale wa Mkamba haukuwa mchezo, kwani Wakamba ni wawindaji, na pembe za ndovu zilizofika Mombasa katika karne ya kumi na tisa nyingi zilianzia kwenye ncha hizo.

Sifa kubwa zaidi ya wahunzi hawa, hata hivyo, ilikuwa mikufu. Walisokota pete ndogondogo za chuma, za shaba nyekundu na za shaba manjano, wakaziunganisha moja kwa moja mpaka zikawa mkufu mwembamba unaopita vidoleni kama uzi. Wageni waliopita Ukambani waliistaajabia kazi hiyo. Aliyesoma Qurani hawezi kuangalia mkufu kama huo asimkumbuke Nabii Daud, alayhi salaam, ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akafundishwa kuunda nguo za vita za pete kwa pete. Sisemi kuwa Wakamba walifundishwa na Daud. Nasema ufundi wa kuunganisha pete ni ufundi wenye heshima ya tangu na tangu, na kuwa majirani zetu walikuwa nao tangu wakati ule tulipokuwa tukiwaita watu wa bara kwa kebehi.

Na majirani walikuwa kweli. Kabla ya misafara ya pwani kujasiri kwenda bara, Wakamba ndio waliokuja kwetu. Walishuka kwa makundi mpaka Rabai na Mombasa, wamebeba pembe, wakarudi na nguo, chumvi na shanga. Mfanyabiashara wao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alimzuru mwaka wa 1849, na akiwa huko Kitui ndipo alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Kivoi aliuawa mwaka wa 1851 akiwa safarini na Krapf huyo huyo, na baadaye wenye misafara wa pwani wakazidi kuishika njia wenyewe.

Misafara hiyo ilipeleka merikani, kaniki, ushanga, na pia masango, yaani waya nene za shaba. Hapa ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Kwa mfua mikufu masango yalikuwa neema, maana kazi ya kuyeyusha ilikuwa imekwisha fanywa na watu wengine ng'ambo. Lakini kila waya iliyoingia ilipunguza tanuri moja. Yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ya bei rahisi, na mchanga mweusi wa mitoni ukaachwa ukachukuliwa na maji. Mhunzi akabaki mtengenezaji wa chuma cha wengine. Halafu ikaja reli, chuma kingi kuliko chote kilichopata kuonekana Ukambani.

Wakamba wenyewe husimulia kuwa walikwisha onywa. Mtabiri wao Syokimau, mwanamke, inasemwa aliliona joka refu likitoka baharini, likitema moto, na watu wa rangi nyingine wakitembea na moto mifukoni mwao. Joka ni garimoshi, moto wa mfukoni ni kiberiti. Hadithi hiyo kila mtoto wa Ukambani anaijua.

Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka wa 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse. Reli ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901. Ililipiwa na serikali ya Uingereza, na gharama ilipita pauni milioni 5. Mafundi na makuli waliletwa kutoka Bara Hindi, karibu watu 32,000 kwa jumla, wengi wao Waislamu, Makalasinga na Mabaniani wa Punjab waliopakiwa melini Karachi. Aliyepewa kandarasi ya kuwaleta na kuwalisha alikuwa Mwislamu, Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora wa Karachi. Aliyefuata nyuma yao na maduka, akifungua tawi kila mahali reli ilipopiga kambi, alikuwa Allidina Visram, yule yule ambaye shule yake watoto wa Mombasa wanaijua. Vijana wa pwani nao walikuwamo, wengine wakifyeka, wengine wakibeba, wengine wakipika. Kati ya wale Wahindi walikufa karibu 2,500, kwa malaria, kwa kuhara, kwa vidonda na kwa ajali. Simba wa Tsavo wa mwaka wa 1898, ambao ndio hutiwa vitabuni na katika filamu, waliua sehemu ndogo sana ya hao. Watu hupenda kumsikia simba kuliko kuhara.

Simba alipanda mpaka Makueni pia. Katika stesheni ya Kima, mwezi wa Juni 1900, ofisa wa polisi aitwaye Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba aliyekuwa akisumbua, na simba akaingia, akamchukua, akatoka naye dirishani. Watu wa kule hupenda kusema kuwa stesheni iliitwa Kima kwa sababu hiyo, kima cha nyama. Mimi naona ni mzaha wa wasafiri tu, lakini behewa lenyewe lipo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi na mtu anaweza kwenda kulitazama.

Zile zilikuwa nyakati za mauti Ukambani kwa jumla. Kati ya mwaka wa 1898 na 1900 ilipiga njaa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Ng'ombe walikuwa wamekwisha teketezwa na sotoka miaka michache kabla yake. Kwa hivyo reli ilipita katikati ya watu wenye njaa, na kambi zake zilikuwa na magunia ya mchele. Wenye kushangaa kwa nini watu ambao hapo mwanzo waliiogopa reli baadaye waliizoea upesi, wasisahau mchele huo.

Sasa tufike Makindu, ambako ndiko nilikotaka kuwapeleka tangu mwanzo.

Injini ya mvuke inakula moto na kunywa maji, na kunywa ndiko kuliko na taabu. Kutoka Samburu hadi Voi ni nyika ya Taru, kavu, na wajenzi wa reli walilazimika kubebewa maji kwa treni. Ukishapita Tsavo na Mtito Andei, jina ambalo kwa Kikamba ni msitu wa tai wala mizoga, unaanza kuuona mkono wa kushoto mlima mrefu wa kijani. Hiyo ni milima ya Chyulu. Ni milima ya volkano. Mvua ikinyesha juu yake hakuna mto unaotiririka, maji yote hunywewa na mawe yake, yakaja kutokea chini kama chemchemi: Mzima, Umani ya Kibwezi, Makindu, Kiboko. Mtu wa Mombasa anayefungua mfereji nyumbani kwake na kupata maji ya Mzima, yaliyotandikiwa bomba katika miaka ya 1950, anakunywa mvua ya Chyulu. Injini za reli zilianza kuinywa nusu karne kabla yake.

Penye chemchemi huota mikindu, mti ambao ukindu wake dada zetu wa pwani wanausuka mikeka na vipepeo. Makindu ni mikindu, basi. Hapo, zaidi ya maili 200 kutoka Mombasa, reli iliweka kituo cha kuhudumia injini. Palijengwa mabanda, matangi, nyumba za wafanyakazi, na hoteli ya abiria ambamo katika miaka ya kwanza, kabla ya treni kuwa na behewa la kulia, watu waliteremka asubuhi kula chakula chao. Wakaja wahunzi, maseremala, mafundi wa boila, madereva, mafayamani, wapiga rangi, watu wa gengi wenye nyundo za kugongea mataruma. Pakawa na mji wa lugha tano, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Lamu, nakubali. Kilikuwa Kiswahili cha stesheni, kilichoshika koleo mkono mmoja na chungu cha dengu mkono wa pili. Lakini ni hicho kilichopanda bara pamoja na reli, na anayekicheka ajue kuwa kilikwenda mbali kuliko kile chake.

Jioni, kazi ikisha, mafundi hao walikuwa wakikaa chini ya mti kumtaja Mungu, kila mmoja kwa njia yake. Makalasinga wa Makindu wanaeleza mpaka leo kuwa baraza hilo lilikuwa la wote, Makalasinga, Mabaniani na Waislamu. Kwanza pakasimama kibanda cha mabati, na mwaka wa 1926 likajengwa hekalu la mawe, ile Gurudwara kubwa inayoonekana ukiwa barabarani. Kisha kazi ya kuhudumia injini ikahamishiwa mbele, wafanyakazi wakahamishwa nayo, na hekalu likabaki halina wa kusali ndani. Husimuliwa kuwa funguo na utunzaji viliachwa kwa Mwafrika mmoja wa hapo, mwenye jina la Kiislamu, naye akalitunza kwa miaka. Kisa hicho kingekuwa cha Waislamu tu, tungekwisha kitungia utenzi.

Leo hekalu limefufuka. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa chakula bure na mahali pa kulala akihitaji. Chakula hicho, ambacho wao hukiita langar, hakina nyama kabisa: ni dengu, mboga, chapati, wali, chai ya maziwa. Nalisema hili makusudi kwa sababu najua swali la kwanza la msomaji wangu. Nimekula hapo zaidi ya mara moja, na upande wa pili wa meza nimewakuta masheikh wa Mombasa wakitonga chapati bila wasiwasi.

Reli ya miaka ile ilikuwa na watu wetu wengi waliokufa na kuacha alama, na aliye maarufu kuliko wote ni yule sharifu wa Mackinnon Road, Sayyid Baghali Shah, ambaye madereva wa treni walikuwa wakipunguza mwendo kwa heshima yake na ambaye mpaka sasa magari ya Mombasa husimama msikitini kwake. Lakini kwa kila kaburi lenye kuba kama hilo, kuna mamia ambayo hakuna ajuaye yalipo. Wapunjabi wa Kiislamu waliokufa kati ya Mtito Andei na Kiu walizikwa kando ya njia, kambi ikang'oka kesho yake. Naamini baadhi ya hayo mataruma yalikanyaga juu yao.

Baada ya Makindu, kwa aendaye Nairobi, huja Simba, Emali, kisha stesheni ambayo Waswahili tungepaswa kuijua kuliko zote, Sultan Hamud. Huyo ni Seyyid Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawazwa Agosti 1896 baada ya Waingereza kuipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa moja na kumtoa Seyyid Khalid. Alitawala mpaka kufa kwake mwaka wa 1902. Husemwa kuwa aliitembelea reli ilipofika mahali pale, na pakapewa jina lake. Hebu lifikirie jambo hili. Milki yake ya bara ilikuwa ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini, nao wenyewe ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Ukanda huo ukamalizwa kwa mkataba mwaka wa 1963. Lakini huko Makueni, maili 200 na zaidi nje ya mpaka wake, jina lake lipo kwenye vibao, kwenye vyeti vya shule na midomoni mwa makondakta. Wengi wa wanaolitamka hawajui lilikuwa la mtu.

Kisa hiki cha mji wa mafundi kuinuka na kushuka si cha Ukambani peke yake. Mwaka wa 1900, reli yetu ikiwa bado haijafika Kisumu, Sultani Abdulhamid wa Uthmaniya aliamuru ijengwe reli ya Hijazi, kutoka Damascus hadi Madina. Njia hiyo mahujaji waliikata kwa ngamia kwa siku 40. Treni iliikata kwa siku chache. Ilifika Madina mwaka wa 1908, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka katika michango ya Waislamu wa ulimwengu, wakiwamo wale wale wa Bara Hindi ambao ndugu zao walikuwa wakipasua mawe kwetu. Damascus ulikuwa mji wa panga mashuhuri kwa karne nyingi. Na kusini mwake, katika mtaa wa Qadam, maana yake unyayo, zikajengwa karakana za reli hiyo. Injini zilikuwa za Ujerumani na Uswisi. Vipuri vilipokwisha na viwanda vilivyoviunda vikafungwa, mafundi wa Qadam wakawa wanafua vyao wenyewe, baba akimfunza mwana, kwa zaidi ya miaka mia. Reli yenyewe upande wa Hijazi ilikwisha vunjwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, lakini Qadam iliendelea. Halafu vikaja vita vya Syria vilivyoanza mwaka wa 2011, na karakana na mabehewa ya makumbusho yakaharibiwa vibaya. Mwenye kuzitazama picha zake anaona boila zilizotobolewa na paa zilizoanguka juu ya injini.

Makindu haikupigwa bomu, ila ilipungukiwa polepole, na hilo halipigwi picha na mtu.

Injini za mwisho kubwa za mvuke zilikuwa zile za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock katika miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ina uzito wa tani 252, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hapajakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kama hizo katika reli ya upana wa mita moja popote duniani. Moja ilibeba zaidi ya galoni 8,000 za maji. Mzee mmoja niliyezungumza naye Makindu, aliyekuwa fayamani katika miaka ya mwisho ya injini hizo, aliniambia kuwa vijana humwuliza alikuwa akichota makaa ya mawe kwa sepetu, naye huwacheka, kwani zile zilichoma mafuta mazito meusi, na kazi yake ilikuwa kulisikiliza lile fukuto na kulisoma moshi. Moshi mweusi, mafuta mengi. Moshi mweupe, umechelewa. Alisema kuwa mkewe aliijua treni yake ikiwa bado iko Kiboko, kwa pumzi yake tu, akaweka chai jikoni.

Dizeli haipumui hivyo, wala haina kiu. Ikatoka Mombasa ikapita Makindu moja kwa moja. Kufikia mwaka wa 1980 injini za mvuke zilikuwa zimeondolewa kazini, na shirika la reli la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha vunjika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya. Nyumba za wafanyakazi zikapata wapangaji wengine. Barabara ya lami ikachukua abiria na mizigo. Mwezi wa Aprili 2017 treni ya mwisho ya abiria ikapita katika reli ya zamani, na mwisho wa Mei ukafunguliwa ule mstari mpya wa Wachina, unaoitoa Mombasa na kuiingiza Nairobi kwa saa tano hivi. Katika Makueni treni hiyo husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu haisimami. Sultan Hamud haisimami. Abiria wanaokaa dirishani, wakiwa juu ya lile tuta refu, huona mabati ya mji kwa nukta chache kisha huona miti.

Siulaumu mstari mpya, kwa maana naupanda mimi mwenyewe. Kinachonisumbua ni kile kilichoachwa chini yake. Nilitembea kidogo kwenye reli ya zamani. Nyasi zimemea kati ya mataruma. Kwa vyuma ambavyo havina mwenye kuvilinda, wanunuzi wa vyuma chakavu hawakosekani, na chuma cha mwaka wa 1898 hakina bei tofauti na cha kitanda kilichovunjika. Kinapimwa kwa kilo. Makumbusho ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, yamehifadhi injini, ikiwamo ile ya Mlima Gelai, nayo yanastahili shukrani. Lakini injini ni kitu cha kuhamishwa. Stesheni, tangi, nyumba ya gengi na kaburi la kuli havihamishiki. Vikiondoka hapo vilipo, vimeondoka. Na wale wanaojua kila jengo lilikuwa la kazi gani, kama mzee wangu wa mafuta mazito, umri wao umekwenda. Wana wa mafundi wa reli waliopo Mombasa leo, na ni wengi, kuanzia Makupa hadi Changamwe, wangeandika tu majina ya baba zao na stesheni walizokaa, ingekuwa ni daftari kubwa.

Si kila kitu kimekufa, hata hivyo. Pale Kibwezi mkonge wa shamba la Dwa unaendelea kukatwa, nalo liko chini ya kampuni ile ile ya mashamba yetu ya Vipingo. Majani yanaingia kwenye mashine ya korona, yanatoka nyuzi, zinaanikwa, zinafungwa marobota, zinashuka Mombasa kama zilivyoshuka siku zote, ingawa kamba za nailoni ziliipiga sana bei yake. Wanawake wa Kikamba nao huzichukua nyuzi hizo hizo wakasuka vyondo ambavyo vimekwenda mpaka Ulaya. Kitui, ambayo haikupata reli kabisa, mwaka wa 2018 ilifungua kiwanda cha ushonaji cha kaunti hapo Syongila, na mwaka wa 2020, wakati wa korona ile nyingine, mafundi wake walikesha wakishona barakoa. Na maji ya Makindu yamepata wanywaji wapya: yanamwagiliwa bamia na karela, ambazo nyingine hupandishwa ndege zikaenda kuliwa na Wahindi wa Uingereza.

Wahunzi nao wapo. Sokoni Kitui, nyuma ya maduka, utawakuta mafundi wa jua kali wakifua majembe, patasi na mapanga kutokana na springi za malori zilizochoka. Mvukuto wa ngozi umeondoka, pametiwa feni ya kuzungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Niliinama kutazama fuawe la mmoja wao. Lilikuwa kipande cha reli cha urefu wa mkono, kimechimbiwa katika gogo, kichwa chake kimeng'aa kwa kupigwa. Nilimwuliza amekitoa wapi. Akasema alikirithi kwa mwalimu wake wa kazi, na mwalimu wake naye alikuja nacho kutoka upande wa Makindu. Kisha akaniomba nisogee, chuma kilikuwa kimeiva.